Moshi wa Bi Mize

Kabla hujanisikia nikimsema mtu nijitambulishe kabisa, maana hapa mtaa wa Jadida wanasema mdomo wa Mwalimu Conchesta hauna breki. Kweli hauna. Nilitoka Bukoba kuja Wete, huku Pemba, kufundisha jiografia, nikapanga chumba kwa Bi Mize nikidhani nitakaa kidogo tu nihame. Sikuhama. Nilipikiwa, nikauguzwa homa, nikagombezwa kwa kuanika nguo za ndani upande wa njiani, na siku moja nikajikuta naitwa dada na Mwatum, binti wa mwenye nyumba. Huyo Mwatum ndiye ninayetaka kumwelezea, yeye na mama yake, na lile dude lililokuja kuwagombanisha.

Mwatum Vuai anapiga video za harusi upande wa wanawake. Usiidharau kazi hiyo. Harusi za huku wanaume wana shughuli yao na wanawake wana yao, na milango ya ukumbi wa wanawake ikishafungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, bibi aliyelalamika magoti wiki nzima unamkuta katikati anazungusha kiuno. Picha ya humo ndani haionwi na mwanamume, hata awe kaka yake biharusi. Kwa hiyo anayeshika kamera ni mwanamke, na anayekaa na zile picha kwenye kompyuta kuzikata na kuziunga ni mwanamke vilevile. Wenye harusi walimfuata kutoka Tumbe mpaka Wawi, na si kwa uzuri wa kamera yake, kwa sababu wapo wenye kamera nzuri zaidi. Walimfuata kwa kuwa picha zake hazijawahi kuvuja. Ukimwomba akurushie kipande kidogo tu kwenye simu, anakujibu, "Kamuombe mwenye harusi," na hapo mazungumzo yamekwisha.

Aliolewa akaachwa, jambo ambalo hapendi liongelewe, nami nimeshaliongea. Alirudi kwa mama yake na sanduku moja la nguo na mkoba wa kamera. Kwa miaka alifanyia kazi kilaptop kilichochoka mpaka ukikibonyeza unakwenda kuinjika chai, unarudi na kikombe mkononi, chenyewe bado kinazunguka. Harusi moja ilikuwa ikimkalisha wiki nyingi kwenye kiti. Mgongo ulikuwa unamuuma, macho yanamuuma, na wenye harusi wanapiga simu.

Ndipo akajibana akaagiza kompyuta ya mezani kwa Mohsin Devji, yule mwenye duka la vitu vya umeme kule Chake Chake. Mohsin ni mtu wa kweli, kupita kiasi wakati mwingine, utaona. Aliiagiza kwa wakala wa Dar es Salaam, akaileta mwenyewe kwa gari, akaifunga mwenyewe sebuleni. Ilikuwa kubwa, ubavu wake mmoja wa kioo, na ndani ya kioo imesimama kadi ya picha, ile inayoifanya video iende bila kukwama. Kadi yenyewe nzito kama tofali, ina feni tatu na taa za rangi. Mohsin aliisimamisha wima ionekane, kama ilivyochorwa kwenye boksi lake.

Mimi ni mdadisi, nikamwuliza kwa nini kitu cha picha kiwe na chuma kingi namna ile. Akaniambia ndani mna vidude vidogo vinavyochemka sana vikifanya kazi, na kile chuma ndicho kinachobeba joto lao. Kati ya vidude na chuma wanapaka jeli nzito, mfano wa dawa ya meno, ili joto lipite. Jeli ikikaa mahali pake, kadi inaishi miaka. Ikihama, vile vidude vinajichoma vyenyewe.

Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni akiyasikiliza haya. Akaitazama mashine ikiwaka kijani na zambarau, akasema, "Mashaallah. Hiki kitatiwa jicho."

Basi. Lazima nimweleze Bi Mize. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuwafukiza maharusi udi, nywele na nguo, kabla hawajatolewa mbele ya watu. Mtaa mzima waliamini mkono wake una baraka, na biharusi aliyefukizwa na Bi Mize, walisema, nyumba yake inatulia. Tusimtaje bintiye hapa. Nyumbani kwake kila Alkhamisi baada ya Alasiri alikuwa akitia makaa kwenye chetezo, anadondoshea ubani, anapita chumba kwa chumba akisoma. Chumba changu nacho hakukiruka, na mimi na rozari yangu ukutani. "Dua haichagui dini, Mwalimu," aliniambia, "sogeza miguu." Ilipokuja kompyuta akaitia kwenye mzunguko wake. Alikuwa akisimama mbele ya kile kioo, moshi unapanda, feni zinauvuta ndani, naye anasoma mpaka mwisho. Mwatum alikuwa akicheka. "Mama, unaifukiza kama mwari!" Bi Mize anajibu, "Na hiki si ndicho mume wako sasa? Acha nikilinde."

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Mwatum alikuwa anamaliza kazi anapata muda wa kukaa barazani na mimi tukawasema watu vizuri.

Halafu ikaanza. Alikuwa sebuleni na picha za harusi ya Wawi, anaunga kipande cha biharusi anaingia, picha ikajaa vijumba vya rangi, na mashine ikazima papo hapo. Akaiwasha. Ikaenda kidogo, ikazima tena. Siku ya pili hivyohivyo. Siku moja nikamsikia anapiga ukelele, "Mwalimu, njoo uone! Inatoka usaha!"

Nikaenda mbio. Kweli, kwenye ukingo wa chini wa ile kadi palikuwa panachuruzika kitu cha kijivu, kizito, kama uji uliofurika pembeni ya sufuria. Donge moja lilikuwa limeshaanguka likakaa chini ya kioo. Ile jeli yenyewe. Ilikuwa imehama.

Mohsin alikuja akainama, akatazama, akakuna kichwa. Hakuthubutu kuifungua kwa sababu ukiibandua ile stika yao tu, waranti imekufa. Akapiga picha kwa simu akampelekea wakala, na wakala akawapelekea wenye kiwanda huko ng'ambo. Wakataka risiti. Wakapelekewa. Wakataka picha kwa ubavu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu picha za karibu zaidi. Wakapelekewa. Kisha kimya. Mwatum akawa anawapaka wateja mafuta kwa mgongo wa chupa, leo kesho, leo kesho, huku mashine imekaa sebuleni imefunikwa kanga.

Jibu lilipofika Mohsin alikuja kulisoma mwenyewe. Tulikuwa sote sebuleni, Bi Mize amekaa kwenye mkeka na ungo mapajani anachagua mchele. Mohsin akasoma Kiingereza chao kile chenye adabu nyingi, halafu akatufasiria.

"Wanasema wameona utando wa moshi na mafuta kwenye feni. Wanasema kompyuta imetumika mahali penye moshi, na moshi ndio ulioiharibu jeli. Si kosa la kiwanda. Waranti haihusiki." Akanyanyua uso, masikini, hana hili wala lile. "Kwani humu ndani kuna moshi gani?"

Vidole vya Bi Mize vilikuwa vimesimama kwenye mchele.

Mohsin hajafika hata barabarani, Mwatum alikuwa ameshalipuka. "Mama, umeniua! Umeniua kwa mkono wako mwenyewe! Hiki ndicho nilichokuwa nacho peke yake!"

Mimi nikaingilia, si unanijua. Nikamwambia Mwatum, hebu tumia akili, moshi unapita juu ya feni, utaiyeyushaje jeli iliyobanwa chini ya chuma? Mbona haikutoka juu, imetoka chini tu, kama kitu kinachoteremka? Akanigeukia kama mbogo. "Mwalimu, wewe unafundisha milima na mito. Hawa ndio waliotengeneza. Wao wasijue, wewe ujue?" Nikanyamaza, jambo ambalo halinitokei mara kwa mara. Mtu wa kiwandani akishasema, na amesema kwa barua yenye nembo, mpangaji wa chumba cha uani ana lipi la kusema?

Bi Mize aliinuka, akamimina majivu ya kwenye chetezo nje, akakiosha, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kabati nyuma ya masufuria makubwa ya shughuli. Alkhamisi ikaja ikapita. Ikaja nyingine. Nyumba ikawa inanuka samaki na mafuta ya taa tu, kama nyumba ya yeyote.

Walipokuja watu kumwita akafukize biharusi, akawaambia hawezi, kifua kinambana. Hakikuwa kifua. Niliposikia na mimi nikamfuata jikoni, nikamwuliza kwa nini anasema uongo mchana kweupe. Akaniambia taratibu, "Mkono wangu umeingia nuksi, Mwalimu. Nimeharibu riziki ya mwanangu. Niende tena nikaharibu nyumba za watu?"

Sikulala vizuri siku zile. Mashine ilikuwa hasara, sawa, lakini hasara hulipika polepole. Aliyekuwa anaharibika ni yule mama. Alikuwa anapungua tunamwona, anazungumza kwa sauti ya chini nyumbani kwake mwenyewe, anapita mbali na ile kompyuta akikusanya kanga yake isije ikaigusa. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: avuliwe lile kosa kabla halijammaliza. Nilimwambia Mwatum mara nyingi, zungumza na mama yako. Alikuwa ananijibu, "Nazungumza naye kila siku," na kweli alikuwa anazungumza naye, mama chumvi iko wapi, mama funga mlango.

Kazi akairudisha kwenye kile kilaptop. Wateja wengine wakamhama. Mmoja akamshauri ampelekee kijana wa Unguja mwenye mashine ya nguvu, atamuungia kila kitu kwa siku mbili. "Kijana mwanamume?" aliuliza Mwatum. "Mwanamume, lakini muaminifu." Akamfungulia mlango atoke.

Harusi moja Bi Mize hakuweza kuikataa. Ilikuwa ya Tumbe, biharusi ni mjukuu wa marehemu dada yake, na wenyewe walikuja kumchukua mpaka nyumbani. Akaenda, bila chetezo chake, akasema atatumia cha wenyeji. Mwatum naye alikwenda na kamera yake. Mimi nilibaki nasahihisha mitihani. Waliporudi nikauliza habari za harusi, Bi Mize akasema nzuri, Mwatum akasema nzuri, kila mmoja akaingia chumbani kwake. Zile picha zilikuwa nzito mno kwa laptop, zikawekwa zingoje.

Presha ilimpata Bi Mize muda si mrefu baada ya hapo. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani mwepesi kama mtoto. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, akaniambia nimwite Mwatum na mimi nisiondoke.

Ninavyojua mimi, mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi. Kwetu Bukoba ni hivyo na hapa Pemba ni hivyo, tena hapa zaidi. Mtu hasafiri bila radhi za mama yake. Sasa Bi Mize akaushika mkono wa bintiye, akasema, "Mwanangu, niwie radhi kwa kile chombo chako. Mie nilitaka kukikinga. Sikujua."

Mwatum akalia machozi mengi, akamwinamia kifuani. "Nimekusamehe, mama. Wallahi nimekusamehe. Nimekusamehe kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize, na uso wake ukapumzika. Nilifurahi, sikufichi. Niliona mzigo umetuliwa. Ijumaa iliyofuata tulimzika.

Mohsin hakufika mazikoni kwa sababu alikuwa safarini Dar es Salaam. Alikuja baada ya khitma ya arubaini, majamvi bado hayajakunjwa, na mkewe Shabnam amebeba sahani ya halua. Wakatoa pole, wakakaa. Lakini nilimwona Mohsin hatulii, anaishika simu anaiweka, anaishika anaiweka. Nikamwambia, "Sema, ndugu yangu, utapasuka."

Akasema. Watu wa nchi za baridi huko, watu wasiojua chetezo ni kitu gani, walikuwa wanaonyesha picha za kadi zao kwenye mtandao. Kadi ileile. Uji uleule wa kijivu unachuruzika kwenye ukingo wa chini, kwa wote walioisimamisha wima. Mmoja, wawili, mpaka wakawa kelele. Kelele zilipozidi, kampuni ikatoa tangazo. Mohsin alikuwa nalo, akatusomea. Katika toleo la kwanza, walisema, jeli iliwekwa kwa wingi kupita kiasi, na kwa hiyo kwa baadhi ya watumiaji inaweza kuteremka kidogo. Jambo hili ni la sura tu. Haliathiri utendaji. Kipimo kimesharekebishwa kiwandani.

"Limetoka lini?" nikauliza.

Mohsin akatazama chini. Lilitoka wakati Bi Mize yuko hai. Na hicho kipimo chao, akasema, kilirekebishwa kabla hata hawajatuandikia sisi habari za moshi.

Sura tu! Akili zikaniruka. Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Nikasema maneno ambayo mwalimu hasemi na Mkristo hasemi, tena kwenye nyumba ya khitma, na Shabnam akaziba masikio. Walijua! Walikaa huko na kiyoyozi chao, wanajua wamepaka vibaya, wakatazama picha ya nyumba ya watu wakatafuta humo cha kusingizia. Wakauona moshi wa mama wa watu, wakausingizia.

Mohsin akasubiri nimalize. Akasema alipoliona lile tangazo huko Dar es Salaam aliwaandikia upya akaliambatisha, na safari hii hawakutaka picha hata moja. Wamekubali kuleta kadi mpya. Wameandika kwamba ni kwa hisani yao, si kwa kukiri kosa. Habari ya moshi hawakuigusa tena. Mwisho wa barua wameweka kwamba wanaomba radhi kwa usumbufu.

Muda wote huo Mwatum alikuwa amekaa kwenye jamvi na kisahani cha halua mkononi, hajala.

"Mwalimu," akaniita. "Mimi nilimsamehe mama. Ulikuwepo, ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Nilimsamehe nini?"

Alimwendea shehe mmoja, mtu mzima mpole, akamwambia amwombee mama dua na amtolee sadaka, na anafanya hivyo kila Ijumaa. Lakini alikuwa akirudi analia vilevile, kwa sababu anachokitaka yeye ni kuurudisha ule msamaha, auombe yeye, na aliyetakiwa kumpa hayupo.

Kadi mpya ilikuja. Mohsin aliifunga, na safari hii akailaza. Ikawaka kijani na zambarau, feni zikazunguka. Mwatum akasema kazi ya kwanza ni harusi ya Tumbe, wamengoja sana. Mohsin akajua, akaaga. Mwatum akafunga mlango, akashusha pazia, akaniambia nikae naye.

Picha ikaja safi, inateleza. Ngoma, vigelegele, watoto wa kike wanakimbizana na vikuba, vile vishada vya asumini, vifuani. Kisha kamera ikaingia chumba cha ndani, na yuko Bi Mize. Kajitanda kanga yake ya manjano, nywele za biharusi ziko mkononi mwake juu ya chetezo cha wenyeji, anazipitisha kwenye moshi wa udi, anasoma. Mkono ule wenyewe. Nikamsikia Mwatum anavuta pumzi.

Kamera ikasogea karibu. Bi Mize akaiona. Akaziachia zile nywele mara moja, akakifunika chetezo na ncha ya kanga, makaa yanawaka humo ndani, akageuka nacho akajibanza ukutani, kaipa kamera mgongo. Moshi ukawa unapenya kwenye kanga yake. Chini ya kelele za ngoma sauti yake ilisikika.

"Pita, mwanangu, pita. Mie niko mbali."

Aliyeshika kamera hakumjibu. Kamera ilimpita, ikaenda kwa biharusi, ikakaa kwenye hina za mikono yake.

Mwatum akairudisha. Bi Mize akafunika chetezo, akajibanza ukutani. Pita, mwanangu. Akairudisha tena. Nilimshika bega nikamwambia basi, Mwatum, basi, lakini alikuwa hanisikii, kidole chake kiko palepale kwenye kitufe, na picha inakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, wala haikwami hata mara moja.